Watumishi Waliokutwa Kazini
Fundisho la Majilio kwa wakatekumeni

Mwaka wa Kanisa hauanzi siku moja na mwaka wa kalenda. Wenye ofisi na wenye soko huanza mwaka wao tarehe 1 Januari; Kanisa Katoliki huanza wake kwa Majilio, Jumapili nne kabla ya Noeli. Siku hizo padri huvaa mavazi ya rangi ya zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi katika Misa za Jumapili, na masomo matakatifu huwapeleka waamini kwa nabii Isaya, kwa Yohane Mbatizaji na kwa Bikira Maria. Mkatekumeni anayeona hayo yote huuliza kwa haki: Majilio ni nini, nayo yanamdai nini mtu asiyebatizwa bado?

Jina lenyewe latoa jibu la kwanza. Majilio ni kuja. Naye anayekuja ni Bwana wetu Yesu Kristu. Kanisa huwafundisha watoto wake kumngoja. Lakini kungoja kuna namna nyingi, wala si kila namna inampendeza Mungu. Mtu aweza kungoja akilala, aweza kungoja akinung'unika, aweza kungoja akihesabu siku kwa vidole vyake. Bwana mwenyewe aliisifu namna moja tu, alipowasimulia wafuasi wake habari za mtumishi ambaye bwana wake, arudipo nyumbani, humkuta akiifanya kazi aliyoachiwa. Namna hiyo ndiyo wakatekumeni wanayopaswa kujifunza.

1. Njia ya Askofu na njia ya Bwana

Katika nchi ya Wamaza, upande wa Kasongo na Kabambare, Majilio huangukia majira ya mvua. Mito hujaa, udongo huteleza, magogo ya madaraja huoza na mengine huchukuliwa na maji. Ikisikika habari kwamba Askofu wa Kasongo atakizuru kijiji, chifu huwaita watu. Wanaume hushika majembe na mapanga, hujaza mashimo, hukata miti iliyoanguka njiani, hutafuta magogo mapya ya daraja. Wanawake hufagia viwanja na kupanga mahali pa wageni. Hakuna mwenye akili asemaye: «Askofu yuko mbali, tungoje mpaka tusikie mlio wa gari.» Maana daraja halitengenezwi wakati gari limekwisha simama ng'ambo.

Hivyo ndivyo alivyohubiri Yohane Mbatizaji, mwana wa kuhani Zakaria, karibu na mto Yordani. Watu walimwendea kwa wingi, naye hakuwasifu kwa kuwa wamekuja. Aliwaambia watengeneze njia ya Bwana. Walipomwuliza wafanye nini, hakuwapa mambo makubwa yasiyofikika. Mwenye nguo mbili amgawie asiye na nguo; mwenye chakula afanye vivyo hivyo; mtoza ushuru asidai kupita haki; askari asimnyang'anye mtu wala kumsingizia. Kila mmoja aliambiwa juu ya kazi yake mwenyewe, mahali pale pale alipokuwa akiishi.

Mkatekumeni na azingatie jambo hilo. Njia ya Bwana haitengenezwi kwanza katika uwanja wa kanisa. Hutengenezwa shambani, sokoni, jikoni, mahali pa kuamulia mashauri, na kitandani mwa mgonjwa. Kilima cha kushushwa ni majivuno. Bonde la kujazwa ni kukata tamaa. Mahali palipopotoka ni uwongo. Mahali pa mawe ni kinyongo.

2. Bwana huja mara tatu

Mtakatifu Bernardo, abati wa Clairvaux katika nchi ya Ufaransa, aliyefariki mwaka 1153, aliwafundisha watawa wake kwamba kuja kwake Bwana ni kwa namna tatu. Wakatekumeni wanaweza kuzishika kwa urahisi.

Kuja kwa kwanza kumekwisha kuwa. Mwana wa Mungu alijifanya mtu katika tumbo la Bikira Maria, akazaliwa Betlehemu katika umaskini. Hayo ndiyo Kanisa huyakumbuka hasa kuanzia tarehe 17 Desemba mpaka kesha la Noeli.

Kuja kwa mwisho kutakuwa siku ile asiyoijua mtu yeyote. Bwana atakuja katika utukufu wake kuwahukumu wazima na wafu. Hayo ndiyo husomwa siku za mwanzo za Majilio. Na Jumapili ya kwanza Injili huwaamuru watu wote wakeshe.

Kati ya kuja huko kuwili kuna kuja kwa siri, nako ni kwa kila siku. Bwana huja moyoni kwa neema yake. Huja katika neno lake. Huja katika Ekaristi. Huja katika maskini anayebisha mlangoni jioni, wakati chungu kimoja tu kiko motoni. Asiyempokea Bwana katika kuja huko kwa siri, atampokeaje siku ya utukufu? Na noeli yake itakuwa nini, isipokuwa ngoma na nguo mpya?

3. Maana ya kukesha

Mpunga ukianza kuiva, ndege hushuka kwa makundi. Mwenye shamba huweka mlinzi. Mlinzi huyo hukaa katika kibanda chake tangu alfajiri. Hapigi kelele mchana kutwa, wala hazunguki kijijini akiuliza mavuno yatakuwa siku gani. Hukaa alipowekwa, macho yake yako juu ya mpunga, na mkono wake uko tayari. Akishikwa na usingizi saa moja tu, kazi ya miezi yaweza kupotea.

Kukesha kwa Mkristu kunafanana na hiyo. Kuna watu watatu wanaodhani wanakesha, nao hawakeshi.

Wa kwanza ni yule anayetafuta tarehe. Akisikia tetemeko la nchi, au vita, au ugonjwa mpya, hukusanya watu na kuwaambia kwamba mwisho umefika mwezi fulani. Wengine huacha kulima na kuuza mbuzi zao kwa sababu ya maneno kama hayo. Bwana alisema wazi kwamba siku ile na saa ile haijulikani kwa mtu. Basi anayeitangaza anajipa ujuzi ambao hakupewa.

Wa pili ni yule anayeahirisha. Kijana huyu aenda kwenye mashimo ya dhahabu ya Namoya, naye husema moyoni: «Nipate fedha kwanza. Nikirudi nitaacha ulevi, nitaacha mwanamke asiye wangu, nitaingia mafundisho kwa moyo wote.» Hafikiri kwamba shimo laweza kubomoka siku ya mvua. Tena hafikiri jambo lililo baya zaidi: kwamba moyo uliozoea kesho hauijui leo, na hata akirudi salama atasema kesho tena.

Wa tatu anaonekana kuwa mwema. Ni mkatekumeni ambaye hakosi somo hata moja. Anayajua maswali yote na majibu yote. Lakini anazihesabu Jumapili kama mfungwa ahesabuye siku za kifungo, mpaka siku ya kupata jina jipya na shati jeupe. Ubatizo kwake ni kama cheti cha shule: ukiupata, kazi imekwisha. Huyu ana hatari kubwa, kwa maana hajui kwamba amelala.

4. Majilio ya mwaka 1964

Wakatekumeni wasidhani kwamba kukesha huku ni maneno ya vitabu. Nchi ya Kongo imeona kwa macho yake watu waliokutwa macho.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulienea katika sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo: Kivu, Maniema, kaskazini ya Katanga, hata Kisangani na Isiro. Watu wengi mno waliuawa, wenyeji na wageni, Wakristu na wasio Wakristu. Mwaka huo Jumapili ya kwanza ya Majilio ilikuwa tarehe 29 Novemba.

Siku moja kabla yake, Jumamosi tarehe 28 Novemba, gari la waasi lilifika katika misioni ya Baraka, kando ya ziwa Tanganyika. Baraka iko katika nchi ya Fizi, nayo Fizi inapakana na Kabambare upande wa mashariki. Hawa si mashahidi wa nchi ya mbali. Mkuu mmoja wa waasi alimwamuru Bruda Vittorio Faccin apande gari. Bruda alikataa, akapigwa risasi akafa. Alikuwa Mwitalia, wa shirika la Wasaveri, aliyezaliwa mwaka 1934. Saa ile mwenzake, Padri Luigi Carrara, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa akiungamisha. Aliposikia milio alitoka nje. Naye aliamriwa kupanda gari. Lakini alipiga magoti mbele ya mwili wa ndugu yake, akasema kwamba kama wataka kumwua, yeye ataka kufa pamoja na ndugu yake. Wakamwua papo hapo.

Jioni ile ile waasi walifika Fizi. Huko waliwaua Padri Giovanni Didonè, Msaveri, aliyezaliwa mwaka 1930, na Padri Albert Joubert, padri mzalendo aliyezaliwa mwaka 1908 upande wa Tanganyika. Baba yake Albert alikuwa Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewakinga watu wa pwani ya ziwa na wawinda watumwa. Mama yake Agnes alikuwa mwanamke Mwafrika. Hivyo katika usiku mmoja damu ya Ulaya na damu ya Afrika zilimwagika pamoja kwa ajili ya Bwana mmoja.

Kesho yake, Jumapili yenyewe ya kwanza ya Majilio, waasi walifika Bafwabaka, mbali kaskazini, wakawachukua masista wa shirika la Jamaa Takatifu kwa lori. Miongoni mwao alikuwamo Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939. Huko Isiro kanali mmoja wa waasi alimtaka awe mke wake. Anuarite alikataa, maana alikuwa amemwekea Mungu nadhiri ya usafi wa moyo. Alipigwa sana. Kabla hajachomwa na kupigwa risasi alimwambia yule mwenye kumwua kwamba anamsamehe, kwa sababu hajui analolifanya. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, Jumanne ya juma la kwanza la Majilio.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza Anuarite kuwa mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Wale wanne wa Baraka na Fizi walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024, katika Misa iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, kwa niaba ya Papa.

5. Walikutwa wakifanya nini?

Hapa mkatekumeni na asimame, asipite haraka. Watu husoma habari za mashahidi, wakastaajabia kifo chao, wakasahau maisha yao. Lakini kifo kilichukua muda mfupi tu. Matayarisho yalichukua miaka.

Bwana alipomjia Padri Carrara, alimkuta kazini. Alikuwa ameketi kusikiliza dhambi za watu na kuwaondolea kwa jina la Mungu. Pengine kazi hiyo huonekana ndogo: kukaa, kusikiliza, kusema maneno machache, kumwita mwingine. Majilio yalikuwa mlangoni, naye alikuwa akitengeneza njia ya Bwana katika mioyo ya wengine. Hakupata nafasi ya kujitayarisha saa ile. Hakupewa hata juma moja la mafungo. Alichokuwa nacho moyoni ndicho alichotoka nacho nje.

Anuarite naye hakuanza kusamehe usiku ule wa Isiro. Katika konventi alifundisha watoto, alitumika katika sakristia, alifanya kazi za jikoni. Anayeishi na wenzake wengi katika nyumba moja hupata nafasi za kusamehe kila siku: neno la ukali, sufuria iliyoachwa chafu, kazi iliyogawanywa bila usawa. Asiyejifunza kusamehe sufuria atasamehe risasi kwa nguvu gani? Neema ya Mungu yaweza yote. Lakini kwa kawaida neema hupenda kujenga juu ya udongo uliolimwa.

Basi somo la Majilio yale ni hili: mtu hukutwa jinsi alivyozoea kuishi. Anayelima kila siku, Bwana humkuta akilima. Anayechukia kila siku, Bwana humkuta akichukia.

6. Deni la moyoni

Mfano ufuatao hautaji mtu kwa jina, kwa sababu vijiji vingi vinaujua.

Tangu mwaka 1996 vita vimepita mara nyingi katika nchi za mashariki ya Kongo, na Maniema haikusalimika. Chukueni basi mtu mmoja aliyeandikishwa katika ukatekumeni. Siku za vita wenye silaha walikuja kijijini kwake usiku, wakachukua mbuzi na mpunga, wakachoma ghala ya kaka yake, na kaka yake akafa porini kwa ugonjwa alipokuwa akikimbia. Yasemekana jirani mmoja ndiye aliyewaonyesha njia. Vita vikaisha mahali pale, watu wakarudi. Na yule jirani naye akarudi. Naye akaandikishwa katika ukatekumeni. Sasa watu wawili hao waketi katika darasa moja, kwenye mabenchi ya mianzi, mmoja mbele na mwingine nyuma. Wote wawili wafundishwa sala ya Baba Yetu. Wote wawili wafika mahali pale pa kuomba msamaha kama wanavyosamehe.

Mtu huyu afanye nini? Asimdanganye Mungu kwa kusema kwamba hana neno moyoni. Tena asidhani kwamba msamaha ni kuliita kosa jema, au kuukana ukweli. Kanisa halijafundisha hivyo kamwe. Aliyeiba apaswa kurudisha. Aliyeshuhudia uwongo apaswa kusema kweli. Wazee na mahakama wana kazi yao, nayo ni kazi ya haki. Na tena mtu asimhukumu mwenzake kwa neno la «yasemekana», maana huenda jirani yule hakuwaonyesha wale watu njia kabisa, au aliwaonyesha huku bunduki ikiwa kichwani pake.

Msamaha ni jambo jingine. Ni kukataa kulipa baya kwa baya. Ni kumwachia Mungu kisasi, na kumtakia mema yule aliyetenda mabaya, hata awe bado hajaomba radhi. Jambo hilo halifanyiki kwa siku moja. Ndiyo sababu Majilio yana majuma manne.

Juma la kwanza mtu huyu aweza kulitaja jina la jirani yake katika sala ya jioni, mara moja tu, hata kama moyo unakataa. Juma la pili aitikie salamu yake pasipo kugeuza uso. Juma la tatu amwendee katekista au padri au mzee mwenye busara, aseme wazi analolikumbuka, na kuomba watu wawili wasikilizane mbele ya mashahidi. Juma la nne, ikiwa Mungu amejalia, wanywe maji katika kikombe kimoja. Na ikiwa hawajafika hapo ifikapo Noeli, asikate tamaa. Amekwisha ng'oa magogo mengi njiani. Jambo moja tu asifanye: asilifunge deni hilo katika kitambaa na kwenda nalo mpaka kwenye kisima cha ubatizo, akidhani maji yatalifunika pasipo yeye kutaka kuliacha.

Na yule jirani, je? Kama alikosa, asingoje kuitwa. Majilio yake ni kwenda mwenyewe, mchana, kwa miguu yake.

7. Kwa nini Kanisa halina haraka

Wakatekumeni wengine hulalamika kwamba mafundisho ni marefu. Wajue kwamba urefu huo umefikiriwa na watu wenye kuwapenda. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwaagiza wamisionari wake wasimbatize mtu mzima kabla ya miaka minne ya majaribio, ila katika hatari ya kifo. Aliwataka Wakristu watakaosimama imara siku ya taabu. Huko Uganda, kati ya miaka 1885 na 1887, mashahidi walionyesha kwamba aliona sawa. Na mwezi wa Mei 1886 Karoli Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, wakati kifo kilipokuwa karibu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, katika juma la kwanza la Majilio, uliagiza ukatekumeni wa watu wazima wenye hatua mbalimbali urudishwe katika Kanisa lote. Mwaka 1972 ilitolewa taratibu inayofuatwa mpaka sasa. Kwa taratibu hiyo wateule huandikwa majina mwanzoni mwa Kwaresima, nao hubatizwa katika Kesha la Pasaka. Basi kwa mkatekumeni aliye karibu, Majilio ni lango la kwanza. Asiyeanza kulima wakati huu, Kwaresima itamkuta na shamba lenye magugu.

8. Maswali na majibu

Je, Majilio ni mfungo kama Kwaresima? Hapana. Kanisa haliwafungi watu wote siku za Majilio kwa amri ya mfungo. Wakatekumeni wengi wana jirani Waislamu, nao huona jinsi wanavyoshika mfungo wa Ramadhani kwa bidii; jambo hilo ni la kuheshimiwa. Mkatekumeni anaweza kujinyima kwa hiari yake katika Majilio: pombe, tumbako, maneno ya kusengenya. Anachojinyima akimpe mwenye haja, kitakuwa na faida mara mbili.

Je, mkatekumeni aweza kupokea kitubio kabla ya Noeli? Hawezi, kwa maana ubatizo ni mlango wa sakramenti zote, nao utamwondolea dhambi zote. Lakini aweza kutubu moyoni, kurudisha alichochukua, na kupatana na ndugu yake. Hayo asiyangojee.

Mkatekumeni akifa kabla ya kubatizwa, atapotea? Kanisa lafundisha kwamba mwenye kuutaka ubatizo kwa moyo, akizitubu dhambi zake na kumpenda Mungu, hapotei. Tamaa hiyo humpatia wokovu. Kwa hiyo mtu asiogope. Kilicho cha lazima ni kutaka kwa kweli.

Je, yafaa kushona nguo mpya na kupika vizuri siku ya Noeli? Yafaa, maana ni furaha ya kumpokea Mfalme. Lakini mtu asiingie deni la dukani kwa ajili ya nguo ya mtoto, na mtoto wa mjane akapita mbele ya mlango hana kitu.

9. Maazimio ya majuma manne

Juma la kwanza, kukesha: kila jioni, kabla ya kulala, mkatekumeni ajiulize, «Kama Bwana angalinikuta leo, angalinikuta nikifanya nini?»

Juma la pili, kutengeneza njia: achague kosa moja, moja tu, aliloshauriwa mara nyingi aliache, naye alipige vita kila siku.

Juma la tatu, kufurahi: Jumapili hiyo padri aweza kuvaa mavazi ya rangi ya waridi kwa kuwa Bwana yu karibu. Mkatekumeni amtembelee mgonjwa au mzee asiye na mtu, amchotee maji au amkatie kuni.

Juma la nne, kupokea: akae pamoja na Bikira Maria, aliyekubali neno la Mungu kwanza moyoni, kisha katika mwili. Amwombe amfundishe kusema ndiyo.

10. Sala

Ee Bwana Yesu, uliyekuja maskini Betlehemu, na utakayekuja na utukufu siku ya mwisho, uje leo katika mioyo ya hawa wanaojifunza jina lako. Uwakute wakilima, wakipika, wakifundisha watoto, wakiwahurumia wagonjwa. Usiwakute wakichukia. Uliwapa watumishi wako wa Baraka na Fizi nguvu ya kubaki katika kazi yao, ukampa Anuarite nguvu ya kumsamehe aliyemwua. Uwajalie wakatekumeni wako kuyasamehe madogo ya leo, wapate kuwa tayari kwa makubwa ya kesho. Uwafikishe salama kwenye maji ya ubatizo, na baada ya maji hayo kwenye uzima wa milele. Amina.